Mwaka Mitere Ilipokatwa

Tulimzika Andati nyumbani kwake Navakholo, katika boma lisilokuwa na mti hata mmoja. Wageni waliotoka mbali walidhani labda miti ilikatwa juzi ili mahema yapate nafasi. Lakini mkewe aliniambia, tukiwa jikoni na wanawake wengine wakisonga obusuma, ugali wa kwetu, kwenye masufuria makubwa ya kukodi, kwamba tangu wajenge pale Andati hakuwahi kuruhusu hata mpera. Miwa alipanda, mahindi alipanda, viazi vitamu pia. Lakini mche wa mti ukijiotea wenyewe, kutokana na mbegu iliyoangushwa na ndege, aliung'oa kabla haujafika kifundo cha mguu. "Nilimuulizanga sababu," mkewe alisema huku akifuta macho yaliyojaa moshi. "Ananyamaza tu. Na wewe ulifanyanga na yeye kazi, dada. Hakukuambia?" Nilimjibu kwamba nitamweleza siku nyingine, watu wakiisha kwenda. Sijamweleza mpaka leo. Naandika hapa kwanza, nione kama jambo lenyewe linasemeka.

Nilifanya kazi na Andati mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana niliyetoka chuo cha misitu na cheti kipya, nikapata kazi Kakamega mjini katika ofisi iliyoshughulikia bustani na miti ya barabarani. Kuiita ofisi ni kuipamba. Kilikuwa chumba cha mbao nyuma ya karakana ya magari, paa la mabati, sakafu ya udongo, kinanukia mbolea na matope mwaka mzima. Kulikuwa na meza moja, viti viwili, na majembe yameegemezwa pembeni. Ukuta wa upande wa mashariki Andati alikuwa ameupiga rangi nyeusi kama ubao wa shule, na juu yake alikuwa amechora mji wote kwa chaki. Kila barabara aliipa mti wake. Hapa jakaranda hapana, kwa sababu nyaya za stima ziko chini mno. Hapa musine, kwa sababu mizizi yake haitapasua mtaro. Hapa pasipandwe kitu, kwa sababu udongo ulishindiliwa na malori ukawa kama saruji. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyesoma mpaka ng'ambo akarudi, na alipokuwa akinionyesha ule mchoro siku yangu ya kwanza, alinyoosha kidole kutoka upande wa msitu mkubwa mpaka hospitali, akasema, "Khasandi, nataka mama aliyebeba mtoto mgonjwa atembee kutoka hapa mpaka hapa bila jua kumgusa kichwani. Ni hiyo tu. Nikishafanya hiyo, nistaafu." Niliona ni ndoto ndogo sana kwa mtu aliyesoma ng'ambo. Sasa ninajua kwamba ilikuwa kubwa kuliko mji wenyewe.

Katikati ya mchoro huo kulikuwa na duara la chaki lililokolezwa mara nyingi. Huo ulikuwa uwanja wa mitere, hatua chache tu kutoka dirishani mwetu. Mitere ilikuwa miti ya kale, masalia ya msitu kabla mji haujaufukuza, imenyooka na kwenda juu hata ukitazama kileleni kofia inaanguka. Matunda yake yalipoiva, hondohondo walikuja asubuhi kutoka msituni, mabawa yao yakivuma kama mtu anayepepeta mahindi kwenye ungo mkubwa, wakatua huko juu na kupiga makelele hata watu wa sokoni wakalazimika kupaza sauti. Chini ya miti hiyo mji mzima ulipumzika. Vinyozi, washona viatu, watu waliotoka kortini wakisubiri jamaa zao, wagonjwa waliofika hospitali mapema mno. Na chini ya mtere ulioelekea upande wetu, Mama Ayuma alipika.

Nikiutafuta mwaka ule kichwani, huanzia kwenye chakula chake. Alikuwa na mafiga matatu, turubai la kujikinga na mvua, na benchi mbili ndefu. Obusuma ya wimbi, mrenda uliochanganywa na kunde, na siku ya soko ingokho, kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole mpaka mchuzi ukawa wa manjano. Tulikula pale kila mchana, mimi na Andati. Binti yake, Ayuma, alikuwa rika langu. Yeye ndiye aliyesonga, na mikono yake ilikuwa na nguvu ambayo sikuwahi kuona kwa msichana. Alipenda kunitania. "Wewe unalipwa mshahara ya kuangalia miti," alikuwa akisema. "Mimi naiangalianga bure." Mama yake alikuwa akicheka mpaka mwiko unasimama. Sikuwa na ndugu mjini. Siku nilipopata malaria ni Mama Ayuma aliyeniletea uji chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda akisimulia habari za watu nisiowajua mpaka nikalala.

Ilikuwa pale mezani kwake, mwanzoni mwa mvua za masika, Andati alipoinua macho na kuacha kutafuna. Alikuwa akitazama juu, mahali ambapo tawi moja nene lilitokeza kutoka kwenye shina. Chini ya tawi hilo kulikuwa na uyoga mgumu, wa rangi ya kahawia, umejibandika kama sikio. Alinawa mikono, akauzunguka mti, akarudi, akaniuliza chuoni walitufundisha nini kuhusu uyoga wa namna ile. Nikamwambia: ukiuona nje, ndani kumeshaoza. Alitikisa kichwa. "Mti ni mzima," alisema. "Lakini tawi hilo limekufa ndani. Lazima lishushwe, na lishushwe na watu wanaojua, kwa kamba, kipande kwa kipande." Kisha akamgeukia Mama Ayuma, akamwambia kwa heshima, "Mama, naomba uhame hapa kwa muda. Sogea upande ule wa vinyozi."

"Upande ule ni jua, baba. Nikienda kwa jua, nani atakula?"

"Kwa muda tu. Mpaka tulikate."

"Basi likateni leo, mimi nitahama leo."

Hakuwa anafanya kiburi. Mahali pa kupikia mjini ukipaacha wiki moja, utakuta mtu mwingine ameshaweka mafiga.

Andati alienda siku hiyohiyo kwa mkubwa wa magari. Ukuta kati ya chumba chetu na karakana ulikuwa wa mbao zilizoachana, na niliyasikia mazungumzo yote. Aliomba lori, ngazi ndefu, kamba na msumeno wa injini. "Rori imeenda kubeba mchanga," sauti ya mkubwa ilijibu. Mchanga wa nani, hakusema, lakini sote tulijua kwamba kuna nyumba ilikuwa ikijengwa Lurambi. Wiki iliyofuata Andati akarudi. Lori limeharibika. Akarudi tena. Lori limepona lakini msumeno hauna mafuta. Nilizoea sauti yake kupitia ukuta ule, ikianza kwa salamu ndefu, ikiuliza hali za watoto, ikishuka, ikimalizika kwa "haya, asante." Hakuwa mtu wa kupiga meza. Mara nyingi nimejiuliza kama ingesaidia angepiga meza, na kila mara nimejijibu kwamba isingesaidia, maana wale watu walikuwa wamezoea kelele kuliko walivyozoea adabu. Mara moja nilimsikia mkubwa yule, baada ya Andati kutoka, akimwambia mwenzake, "Huyu anasumbua na tawi, na hiyo kiwanja yenyewe iko na wenyewe tayari." Wakacheka. Nilimpelekea Andati maneno hayo. Alichukua chaki na kukoleza lile duara.

Alijaribu mwenyewe. Alimleta mpanda miti mmoja kutoka upande wa Shianda, mtu mkavu mwenye miguu kama waya, ambaye alilitazama tawi na kusema peke yake hawezi, bila kamba nene na wenzake ataanguka nalo. Tulizungusha kamba ya katani chini ya tawi, tukaifunga vitambaa vyekundu, tukawaomba watu wasiketi pale. Siku ya pili kamba ilikuwa imefungiwa mbuzi. Tukafunga nyingine, ikaanikwa nguo. Mama Ayuma alisogeza benchi zake kidogo, ili kumridhisha, lakini mafiga yaliendelea kubaki palepale. Tuliendelea kula pale. Hilo ndilo jambo watu hawaelewi nikiwasimulia: tulijua, na tuliendelea kula pale, tukitazama juu kila baada ya tonge, kwa sababu njaa ni ya kila siku na tawi lilikuwa halijaanguka.

Lilianguka siku ya soko, alasiri. Wanaoujua mji ule wanajua mvua yake inavyokuja: asubuhi jua kali, mchana mawingu, alasiri ngurumo na mawe ya barafu. Siku hiyo upepo ulitangulia. Mimi na Andati tulikuwa ofisini tukijaza udongo kwenye mifuko ya miche. Kupitia dirishani nilimwona Mama Ayuma ameshika ncha ya turubai, akijaribu kufunika masufuria, na watu wanakimbilia chini ya miti kama walivyozoea. Andati alisimama. Alitoka mbio bila kusema neno, mtu mnene vile, akipunga mikono na kupiga kelele watu watoke. Wapo waliotoka. Sauti ya tawi sikuifananisha na kitu chochote wakati huo na sitaki kuifananisha sasa. Nilipofika, mvua ilikuwa imeanza kweli. Mchuzi wa ingokho ulikuwa ukitiririka pamoja na maji, na Ayuma alikuwa ameinama anasukuma tawi kwa mabega, mikono yake ile yenye nguvu ikiteleza kwenye gome lililolowa. Wanaume walikuja wakainua pamoja na Andati. Mama Ayuma alikuwa ameshakufa. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake.

Kwenye mazishi Andati alikaa nyuma kabisa, karibu na shamba la mahindi, hakula chochote. Wanawake waliopakua chakula walikuwa wakinong'ona, na hawakunong'ona chini sana. "Huyo ndiye wa miti." "Huyo mwenyewe?" "Ndiyo huyo." Ayuma hakutuangalia. Nilitaka kumwendea, nikabaki na Andati kando ya mahindi.

Siku chache baadaye diwani mmoja aliitisha mkutano palepale uwanjani. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wamesimama kimya. Diwani alivaa suti, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomboleza. Alisema miti ile imekunywa damu ya mama yetu. Alisema tumeifuga kama chui. Alisema hatangoja mama mwingine afe. Watu waliitikia kwa kilio, kilio cha kweli. Sitawadharau kwa kusema walidanganywa. Walimpenda Mama Ayuma. Wengi wao alikuwa amewalisha.

Andati aliomba kusema. Nilimshika mkono wa koti nimzuie, akautoa taratibu. Alisimama mbele ya watu wote na kusema ukweli, kwa sababu hakujua njia nyingine. "Wazee wangu, mama zangu, mulembe. Mti haukuwa mgonjwa. Tawi moja ndilo lilikuwa limeoza. Nililijua tangu mvua zianze. Niliomba lori, niliomba kamba, sikupewa. Hii mingine yote ni mizima, nimeichunguza—"

"Ulijua?" mtu alipaza sauti.

"Nilijua."

"Ulijua na ukakaa hapo unakula chakula yake?"

Lori, kamba, yale mafuta yasiyopatikana, yote yalizama katika neno moja hilo, ulijua. Diwani aliinua mkono kuwatuliza watu, lakini hakuwatuliza haraka. Kisha akamwita Ayuma mbele. Ayuma alikuwa amevaa leso ya mama yake kichwani. Aliulizwa familia inataka nini. Aliitazama ile miti kutoka chini mpaka juu, akasema, "Kateni." Alisema mara moja tu. Makelele yaliyofuata yalitikisa mabati ya karakana.

Vitu vyote vilipatikana wiki hiyo. Lori lilikuja, na la pili nyuma yake. Misumeno ya injini ilikuja, mipya, na mafuta kwenye madebe. Kamba nene kama mkono wangu. Vijana waliajiriwa, na mkubwa wa magari mwenyewe alisimama pale na kofia mpya. Andati aliamriwa asimamie. Nilikuwa na hakika atakataa. Nilikwisha kupanga moyoni kwamba tutakataa pamoja na kuondoka pamoja. Nilimkuta ofisini anavaa buti.

"Utawakatia?" nilimuuliza.

"Hawajui kukata, Khasandi. Wale vijana hawajui mti unaelekea wapi. Nikiondoka, wataua mtu mwingine."

Na kweli, hakuna aliyeumia. Alizunguka kila mtere, akaonyesha mahali pa kuanza, akawasogeza watu, akapaza sauti kabla ya kila mmoja kuanguka. Aliifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote niliyomwona akifanya, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. Mti ukishalala, alikiendea kisiki, akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya mbao mbichi, nyeupe, zinazotoa maji. "Mzima," alikuwa akisema, hamwambii mtu. Akaenda kwa kingine. "Mzima." Watu walikuwa wakitazama, nao waliona kwa macho yao kwamba hakuna shimo, hakuna uozo, na baadhi yao wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Asubuhi iliyofuata hondohondo walikuja kama kawaida. Walizunguka hewani juu ya uwanja, mara mbili tatu, mabawa yakivuma, wakakosa pa kutua. Walirudi siku kadhaa. Halafu hawakuja tena.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini hofu ilishaingia mjini. Wenye maduka walianza kukata miti iliyokuwa mbele ya milango yao, ile michanga tuliyoipanda sisi wenyewe. Wengine waliimwagia mafuta machafu ya gari kwenye mizizi ili ife bila kelele. Mwalimu mmoja alituma ujumbe tuje tuondoe musine uliokuwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu wazazi wanalalamika. Miche yetu kitaluni hakuna aliyeitaka. Ilirefuka, ikatoboa mifuko na kushika udongo, ikawa kichaka. Siku moja niliingia ofisini nikamkuta Andati na gunia lililoloweshwa, anafuta ukuta. Alianza na barabara ya hospitali. Nilimwambia aache, tunaweza kuuhitaji. Alisema, "Nani?" Nilisimama mlangoni, na chaki ilikuwa ikishuka ukutani kwa michirizi myeupe mpaka sakafuni. Mwisho wa mwaka alihamishwa ofisi nyingine, ya kukaa tu, akaacha kazi muda mfupi baadaye. Mimi niliondoka kabla ya masika.

Nimepita Kakamega mara nyingi tangu wakati huo. Mji umekua. Pale uwanjani pana jengo la ghorofa lenye maduka chini, na mchana watu hujibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, wakisogea jua linaposogea. Siku hizi kuna siku za kupanda miti, na wakubwa huja na kamera, wakashika jembe. Huwa nawatazama kwenye runinga. Wanapoondoka, sijui nani atakayekuja kumwagilia, sijui nani atakayetazama juu.

Kabla sijaondoka mjini, nilienda kumuaga Ayuma. Ilikuwa Februari, wakati wa jua la kuunguza. Uwanja ulikuwa umeshazungushiwa mabati, na mlinzi amewekwa langoni. Ayuma alikuwa anapika nje ya mabati hayo, ukingoni mwa barabara, kijiko kimoja mkononi, mwavuli uliovunjika umefungwa kwenye kigingi. Benchi ilibaki moja. Wateja walikula wamesimama, haraka, wakaenda. Alinipakulia bila kuniuliza nataka nini. Nilikula. Mrenda ulikuwa na vumbi. Alisema askari wamemwambia asogee tena, maana wajenzi wanataka kupitisha magari hapo.

"Walisema wanakata kwa sababu ya mama," alisema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mbona hawanipi mahali?"

Alikoroga sufuria, akapangusa jasho kwa ncha ya leso, akatazama mabati. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hawezi kukinunua, "Wewe ulisomea hii kitu. Usinifiche. Ile miti yote ilikuwa mibaya?"

"Hapana, Ayuma."

"Ule wa mama?"

"Hata ule. Lilikuwa tawi."

"Tawi moja."

"Moja."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali. Mteja mwingine alifika akaagiza, Ayuma akachukua sahani, akaipangusa, akaanza kupakua.